Wino wa Bei Nafuu: Karatasi Inayopita na Karatasi Inayobaki

Nakala ya mazungumzo kwa wenye saiba, makarani wa shule, na vikundi vya akina mama na vijana, Nyansiongo, Kaunti Ndogo ya Borabu



Kila siku ya kazi, katika soko la Nyansiongo na kando ya barabara ya kutoka Keroka kwenda Sotik, saiba hufunguliwa mapema. Mzazi huingia na fomu ya basari kwenye simu. Kijana huja kuchapisha cheti chake cha PIN ya KRA. Mkulima wa majani chai huleta kitambulisho afanyiwe fotokopi. Mwalimu hufika na karatasi za tathmini, na saa nane alasiri wanafunzi wanazihitaji darasani. Huduma nyingi za serikali sasa zinapatikana kwenye eCitizen, lakini mara nyingi safari ya mwananchi bado huishia kwenye karatasi iliyochapishwa.

Mwenye saiba hutoza shilingi kumi kwa ukurasa na kuamini kwamba amepata faida. Jioni huhesabu sarafu, na mwisho wa mwezi hununua katriji ya wino na kukuta pesa zote zimekwenda huko. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Wino huimaliza biashara kwa njia hiyohiyo, ukurasa mmoja baada ya mwingine, bila mwenyewe kuona shoka.

Mazungumzo haya yanahusu namna ya kupunguza gharama hiyo kwa kutumia katriji zilizojazwa tena au zilizotengenezwa na kampuni nyingine. Yanahusu pia jambo la pili ambalo husahaulika: kuna karatasi ambayo mwananchi hapaswi kuichapisha kwa wino wowote tu, hata kama ni wa bei nafuu kiasi gani.

HESABU NI YA UKURASA, SI YA KATRIJI

Watu wengi huuliza, "Katriji hii ni pesa ngapi?" Swali lenye faida ni hili: "Ukurasa mmoja utanigharimu pesa ngapi?" Bei ya katriji igawanywe kwa idadi ya kurasa nzuri inazotoa. Jibu hilo ndilo gharama ya wino kwa ukurasa.

Bei zinazotajwa hapa ni za mfano, na kila mmoja aweke za dukani anakonunua. Idadi za kurasa ni zile zinazotangazwa na watengenezaji.

Katriji ndogo nyeusi ya HP 123, inayotumika katika mashine nyingi za nyumbani, hutoa takriban kurasa 120. Ikinunuliwa kwa shilingi 1,800, ukurasa mmoja unagharimu shilingi 15. Mwenye saiba anayetoza shilingi 10 amepoteza shilingi 5 kabla hajahesabu karatasi, stima na kodi ya chumba. Kadiri wateja wanavyoongezeka, ndivyo hasara inavyoongezeka.

Tona ya HP 85A, ya mashine kama LaserJet P1102, hutoa takriban kurasa 1,600. Ikinunuliwa kwa shilingi 9,600, ukurasa unagharimu shilingi 6. Tona mbadala ya mashine hiyohiyo ikinunuliwa kwa shilingi 1,600, na itoe kurasa 1,280 tu, yaani pungufu kwa moja ya tano, ukurasa unagharimu shilingi 1.25. Hata kurasa 80 kati ya hizo zikiharibika na kutupwa, gharama ya wino ya kila ukurasa mzuri inafika shilingi 1.33. Karatasi zilizoharibika ziongezwe kwenye hesabu, na bado tofauti ni kubwa.

Mashine za tangi, kama za Epson EcoTank, hununuliwa kwa bei ya juu mwanzoni, lakini wino wake huja kwa chupa. Chupa nyeusi ya Epson 103, yenye mililita 65, hutoa takriban kurasa 4,500. Ikinunuliwa kwa shilingi 1,350, wino wa ukurasa unagharimu senti 30. Kwa anayechapisha kurasa nyingi, hapo hakuna haja kubwa ya kutafuta wino wa mtu mwingine, kwa sababu hata wino halisi ni nafuu.

Idadi hizi za kurasa hupimwa kwa maandishi yanayofunika takriban asilimia 5 ya karatasi. Barua ya kawaida hukaribia hapo. Tangazo la mazishi lenye picha kubwa, au karatasi ya mtihani yenye michoro na ramani, hula wino mara nyingi zaidi. Ndiyo maana saiba mbili zenye mashine ya aina moja zinaweza kupata kurasa tofauti kabisa.

KWA NINI KATRIJI NI GHALI

Mashine ndogo ya wino huuzwa kwa bei ambayo wakati mwingine haizidi sana bei ya katriji zake mbili. Jambo hilo lina sababu. HP ilitoa ThinkJet mwaka 1984 na Canon ikafuata na mashine yake ya Bubble Jet mwaka 1985, na biashara ya mashine ndogo za wino ikaja kujengwa juu ya kanuni moja: mashine iuzwe rahisi, faida itoke kwenye wino. Mnunuzi akishaifikisha mashine nyumbani, amefungwa kwa katriji ya umbo moja.

Kampuni nyingine ziliona nafasi hapo. Zilianza kutengeneza katriji zinazoingia katika mashine hizohizo, na mafundi wakaanza kuzijaza zile zilizokwisha. Watengenezaji nao wakaweka chipu ndogo kwenye katriji ili mashine itambue imepewa nini. Mwezi Septemba 2016, wenye mashine kadhaa za HP duniani waliamka wakakuta katriji mbadala walizokuwa wakitumia zimekataliwa. Programu ya mashine ilikuwa imeanza kuzizuia. Watu walilalamika, na kampuni ikatoa programu nyingine ya kuondoa kizuizi hicho kwenye mashine zilizohusika. Kizuizi chenyewe hakikuisha katika aina nyingine za mashine. Mwaka 2020, mamlaka ya ushindani wa biashara nchini Italia iliitoza HP faini ya yuro milioni 10 kwa kutowaeleza wanunuzi waziwazi kuhusu vizuizi hivyo.

Marekani, kampuni ya Lexmark iliishtaki kampuni ya Impression Products, iliyokuwa ikiuza katriji za Lexmark zilizojazwa tena. Tarehe 30 Mei 2017, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba mtengenezaji akishaiuza katriji, haki yake ya hataza juu ya katriji hiyo imekwisha. Aliyeinunua anaweza kuijaza na kuiuza. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, lakini unaonyesha kwamba kujaza katriji si jambo la kufanywa kwa kujificha.

Kuna fundisho la dukani katika habari hizi. Kabla ya kununua mashine, mnunuzi asome maandishi madogo kwenye boksi. Mashine nyingi za HP siku hizi zimeandikwa kwamba zinafanya kazi na katriji zenye chipu ya HP pekee, iwe mpya au iliyotumika tena. Maana yake ni kwamba katriji halisi iliyojazwa tena, ikiwa bado na chipu yake, inaweza kukubaliwa, lakini mbadala yenye chipu ya kampuni nyingine inaweza kukataliwa leo au baada ya mashine kuunganishwa na intaneti. Bei ya mashine ni sehemu ndogo ya gharama. Uhuru wa kuchagua wino ndio utakaolipa kodi ya chumba mwakani.

HALISI, MBADALA, ILIYOJAZWA NA BANDIA

Maneno haya manne huchanganywa sana sokoni, na mchanganyiko huo huwaumiza wanunuzi.

Katriji halisi imetengenezwa na mwenye mashine na ina jina lake. Katriji mbadala ni mpya, imetengenezwa na kampuni nyingine, na ina jina la kampuni hiyo. Boksi litasema inafaa mashine fulani, lakini halijifanyi ni la mwenye mashine. Katriji iliyojazwa ni ile halisi au mbadala iliyokwisha, ikawekwa wino au tona mpya. Zote tatu zinaweza kuuzwa kwa uhalali, mradi muuzaji aseme ukweli.

Bandia ni ile inayodanganya. Ni katriji iliyojazwa chumba cha nyuma, kisha ikatiwa kwenye boksi lenye nembo ya HP au Canon na kuuzwa kwa bei ya halisi au karibu nayo. Aliyeinunua hakuokoa chochote. Amelipa bei ya halisi na kupata kitu ambacho hakuna anayejua kimejazwa nini. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 inaharamisha biashara hiyo, na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ndiyo inayopokea malalamiko. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 nacho kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na habari anazohitaji ili anufaike nazo.

Mnunuzi asione haya kuuliza. Akisema, "Fundi, hii ni halisi, ni mbadala au ni ya kujazwa?" muuzaji mwaminifu atajibu bila kukasirika. Jibu liandikwe kwenye risiti. Risiti iliyoandikwa "tona mbadala ya 85A" inamlinda mnunuzi, na inamlinda muuzaji pia.

Kuhusu dhamana ya mashine mpya, HP husema kwamba kutumia katriji ya kampuni nyingine au iliyojazwa peke yake hakufuti dhamana. Lakini mashine ikiharibika kwa sababu ya katriji hiyo, gharama ya kuitengeneza ni ya mwenye mashine. Kwa hiyo mashine iliyo bado chini ya dhamana ifikiriwe mara mbili, na kijitabu chake kisomwe.

MASHINE MOJA SI SAWA NA NYINGINE

Mashine za wino wa maji ziko za namna mbili. Katika mashine nyingi ndogo za HP na Canon, matundu madogo yanayorusha wino yako kwenye katriji yenyewe. Wino huchemshwa kwa joto la ghafla na kurushwa tone kwa tone. Katriji ya namna hii ikijazwa vibaya na matundu yakaziba, hasara ni ya katriji moja. Mashine imebaki salama. Hapa ndipo anayeanza anaweza kujifunzia.

Katika mashine za Epson, matundu hayo yako ndani ya mashine, na wino husukumwa na kipande kidogo kinachosogea kwa umeme. Wino mbaya ukikaukia humo, kubadilisha sehemu hiyo kunaweza kugharimu karibu bei ya mashine nyingine. Kuokoa shilingi mia chache kwenye chupa isiyo na jina, kisha kupoteza mashine nzima, si kuokoa.

Anayejaza katriji ya wino mwenyewe ashike mambo haya. Ajaze kabla haijakauka kabisa, kwa sababu sifongo iliyokauka haipokei wino vizuri, na matundu yanayochomwa bila wino huungua. Asindilie. Wino uingizwe polepole kwa sindano, kiasi kile kilichoandikwa kwa katriji hiyo, na ukitokea juu umezidi. Rangi zisichanganywe, wala wino wa kampuni mbili usichanganywe. Katriji ifutwe kwa tishu laini na iachwe itulie kabla ya kurudishwa. Mashine ikiendelea kusema wino umekwisha, ni chipu inayohesabu hesabu ya zamani. Katika baadhi ya mashine za Canon, kitufe cha kusimamisha kikishikiliwa kwa angalau sekunde tano, onyo hilo huondolewa. Kuanzia hapo mashine haitasema tena wino ukiisha, kwa hiyo mwenyewe lazima aangalie kurasa zikianza kufifia. Katriji ya namna hii hujazwa mara chache tu, kisha hustaafu.

Mashine za leza hazitumii wino wa maji. Tona ni unga laini wa plastiki na rangi, unaoyeyushwa kwa joto na kushikamana na karatasi. Ndani ya katriji ya 85A mna pia silinda nyeti ambayo mafundi huiita dramu, na chumba cha kukusanya unga uliobaki. Fundi anayemwaga unga mpya bila kuondoa ule wa taka ndani ya chumba hicho amefanya nusu ya kazi. Baada ya siku chache kurasa zitaanza kuwa na madoa na mistari. Tona nayo ina aina zake, na ya mashine moja inaweza isiyeyuke vizuri katika mashine nyingine. Dramu ikichakaa au ikichubuka, kujaza hakutasaidia, na dramu isiachwe wazi juani.

Kwa hiyo fundi wa tona aulizwe maswali matatu: Je, unga huu ni wa mashine hii? Je, utaondoa taka? Je, ikitoa mistari kabla haijaisha, nikirudi utafanyaje? Anayejibu vizuri maswali haya anastahili kulipwa.

Unga wa tona usivutwe puani. Katriji ifunguliwe mahali penye hewa, si jikoni wala karibu na watoto, na fundi avae barakoa. Ukimwagika kwenye nguo au mikono, uoshwe kwa maji baridi. Maji ya moto huufanya ushikamane.

SHULE NA OFISI

Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, huweka kazi za tathmini za shuleni kwenye tovuti yake, na shule huzipakua na kuzichapisha. Gharama hiyo huwa mikononi mwa shule.

Na ichukuliwe shule yenye wanafunzi 60 wa kufanyiwa tathmini, kila mmoja akihitaji kurasa 40 kwa masomo yote. Hizo ni kurasa 2,400. Kwa wino wa shilingi 6 kwa ukurasa, shule italipa shilingi 14,400. Kwa tona mbadala ya shilingi 1.25, italipa shilingi 3,000. Tofauti ni shilingi 11,400. Rimu ya karatasi ikiwa shilingi 600, tofauti hiyo ni rimu 19.

Shule yenye wanafunzi wengi ina njia nyingine iliyo bora zaidi: ichapishe nakala moja safi kwa leza, na nyingine zote zitolewe kwa mashine ya kudurufu, hata ikiwa ni ya shule jirani. Karatasi ichapishwe pande mbili. Rasimu ichapishwe kwa wino hafifu. Hatua hizi hazihitaji kununua chochote.

Ofisi za umma zina wajibu wao pia. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inataka maelezo ya bidhaa yasitaje nembo ya kampuni moja, isipokuwa pale ambapo hakuna namna nyingine ya kueleza kinachotakiwa, na hata hapo yaruhusu bidhaa inayolingana nayo. Sheria hiyohiyo imetenga asilimia 30 ya zabuni kwa makampuni ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana wa Nyansiongo kinachojua kujaza tona vizuri, chenye usajili, risiti na jina linaloaminika, kina nafasi ya kuuza huduma hiyo kwa shule na ofisi badala ya kila katriji kutafutwa Kisii au Nairobi.

KARATASI INAYOBAKI

Sasa jambo la pili, ambalo ndilo zito.

Familia nyingi za Borabu zilipata ardhi katika mipango ya makazi ya miaka ya 1960, mashamba ya walowezi yalipogawanywa. Katika baadhi ya nyumba bado kuna sanduku la bati lenye barua na stakabadhi za wakati huo, zilizopigwa kwa taipureta. Karatasi imekuwa ya manjano, kingo zimechakaa, lakini maandishi yanasomeka. Utepe mweusi wa taipureta na karatasi nyeusi ya kaboni kwa kawaida vilitumia rangi iliyotokana na masizi, na masizi hayaogopi maji wala hayafifii kwa mwanga.

Leo mzee anauza robo ekari, au anagawia watoto wake shamba. Makubaliano yanaandikwa, yanapelekwa saiba, yanachapishwa, yanatiwa sahihi mbele ya mashahidi na kuwekwa ndani ya mfuko wa shati. Mvua ya Nyansiongo haimsubiri mtu afike nyumbani. Karatasi ikiloa, na ikiwa ilichapishwa kwa wino unaoyeyuka, majina na vipimo vinageuka kuwa doa la zambarau. Siku ya kesi, mzee ameshakufa, mashahidi wamezeeka, na karatasi haisemi kitu.

Sababu ni hii. Wino wa maji uko wa aina mbili. Kuna wino wa rangi iliyoyeyushwa, unaofanana na sukari ndani ya chai. Kuna wino wa chembe, ambamo chembe ndogo za rangi zimechanganywa na maji bila kuyeyuka. Ule wa kwanza huoshwa na maji na hufifia juani. Ule wa pili hushika karatasi na kuvumilia zaidi. Katriji nyeusi halisi ya HP 123 ina wino wa chembe. Wino mwingi wa bei nafuu unaouzwa kwa chupa, ulioandikwa unafaa mashine zote, ni wa rangi iliyoyeyushwa. Kwa hiyo katriji ileile ikijazwa, umbo halibadiliki na maandishi yanaonekana meusi vilevile, lakini kilicho juu ya karatasi ni kitu kingine. Si wino mbadala peke yake ulio hivyo. Chupa nyeusi ya Epson 103, ambayo ni halisi, nayo ni ya rangi iliyoyeyushwa.

Tona ya leza ni plastiki iliyoyeyukia kwenye karatasi, na maji hayaiondoi. Tona mbadala iliyoshika vizuri hufaa makubaliano ya ardhi kuliko wino halisi wa rangi iliyoyeyushwa. Jambo la kuuliza ni karatasi imeandikwa kwa nini, wala si jina lililo kwenye boksi.

Kuna vipimo viwili ambavyo mtu yeyote anaweza kufanya dukani kwa dakika chache. Kwa wino wa maji, chapisha mstari mmoja, uache ukauke vizuri, kisha weka tone la maji juu yake na ufute kwa kidole. Ukitapakaa, wino huo ni wa karatasi inayopita. Kwa tona, sugua maandishi kwa kidole gumba kwa nguvu na ukunje karatasi mara moja. Unga ukitoka kidoleni, au herufi zikibanduka kwenye mkunjo, tona hiyo haijashika, na haifai karatasi ya kuhifadhiwa.

Karatasi zinazopita ni nyingi: matangazo, mazoezi ya wanafunzi, ratiba, rasimu, fomu inayowasilishwa leo na kumalizika. Hizo zichapishwe kwa wino wa bei ya chini kabisa unaosomeka. Karatasi zinazobaki ni chache: makubaliano ya ardhi, wosia, kumbukumbu za mikutano ya chama, mikataba ya mikopo, barua za utambulisho wa familia, nakala za vyeti. Hizo zichapishwe kwa leza au kwa wino uliopita kipimo cha maji, na zitiwe sahihi kwa kalamu ambayo wino wake hauyeyuki. Nakala ya pili iwekwe nyumba nyingine, na ya tatu ipigwe picha kwa simu. Karatasi ya leza isihifadhiwe ikiwa imebanwa kwenye mfuko laini wa plastiki ya vinili, kwa sababu baada ya muda tona huweza kuhamia kwenye plastiki. Bahasha ya karatasi inatosha.

Mwenye saiba anayejua tofauti hii ana jambo la kumwambia mteja: "Mama, hii ni ya kuhifadhi au ni ya kupeleka tu leo?" Swali hilo huchukua sekunde chache. Linaweza kuokoa shamba.

KATRIJI ILIYOKWISHA

Kila katriji inayojazwa tena ni moja iliyoepushwa na shimo la taka. Inapofika mwisho wake, isichomwe. Plastiki na tona zikiungua hutoa moshi mbaya, na isitupwe karibu na chemchemi au mtaro wa shamba la chai. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imewapa wazalishaji wa bidhaa wajibu juu ya taka zinazotokana na bidhaa zao. Jijini Nairobi, WEEE Centre hupokea taka za elektroniki. Saiba kadhaa za soko moja zinaweza kukusanya katriji zao kwenye gunia moja na kulituma kwa pamoja. Kabla ya kufika huko, fundi wa tona aulizwe kwanza. Huenda atazinunua, kwa kuwa katriji halisi tupu iliyo nzima ni mali kwake.

KWA KUMALIZIA

Anayetoka hapa aende na mambo manne. Apige hesabu ya ukurasa, na aiandike ukutani karibu na mashine. Anunue mbadala au ya kujazwa kwa macho wazi, na jina lake liandikwe kwenye risiti. Asome boksi kabla ya kununua mashine. Na kabla ya kuchapisha karatasi ambayo mjukuu atakuja kuitafuta, apime wino kwa tone la maji.

Pesa inayookolewa kwenye karatasi elfu zinazopita inatosha kulipia vizuri ile karatasi moja inayobaki.